Kaka Sawasawa na Konokono wa Shaba

Nilikuwa nimeshika ncha mbili za shuka, mwenzangu ameshika mbili nyingine, tunakunja. Ndiyo kazi yetu pale zahanati: kufua, kupiga pasi na kukunja. Simu ikalia mfukoni mwa aproni. Kwa kawaida siipokei nikiwa na shuka mkononi, lakini ilikatika ikalia tena, ikakatika ikalia tena, mpaka mwenzangu akasema nipokee, huyo ana jambo.

Alikuwa fundi viatu, jirani wa kaka yangu kazini. Vibanda vyao vinatenganishwa na ukuta wa mbao. Hakunisalimu.

"Dada, kaka yako amekaa kwenye kiti chake na hapumui. Nimemwita, nimemtikisa. Njoo."

Nikamuuliza tangu saa ngapi. Akasema hajui, labda saa nne. Kisha akaongeza neno ambalo sikulielewa: "Na kale kakonokono kake kametoa pembe. Mimi mle ndani siingii tena."

Nilirudisha simu mfukoni, nikaokota ncha zangu za shuka, nikamaliza kukunja. Nikachukua jingine. Mwenzangu alinisimulia baadaye kwamba nilikunja mashuka manne bila kufungua mdomo, na kwamba la nne lilikunjwa vizuri kuliko siku zote. Ndipo nikamwambia, "Kaka amefariki," nikavua aproni.

Kaka yangu alinitangulia kuzaliwa kwa miaka saba. Baba alipotuacha, kaka alikuwa darasa la saba, na mama alikuwa na sisi wawili na cherehani moja yenye kanyagio bovu. Siku moja kaka alirudi nyumbani amepakaa mafuta ya taa mpaka viwikoni, akasema amepata kazi kwa mzee mmoja anayetengeneza mizani. Mama alilia, kwa kuwa alijua maana yake: kitabu kimefungwa. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne. Sare zangu, madaftari yangu, na ile safari ya kwenda kufanya mtihani, yote yalitoka kwenye ile mizani.

Mzee wake alimfundisha kwa ukali. Kwa miezi mitatu hakumpa chombo chochote mkononi, alimpa springi tu, akamwambia aivute, aiachie, asikilize. Springi iliyochoka ina sauti yake, alisema, kama mtu anayeamka akiwa hajalala. Kaka aliijua ile sauti mpaka siku ya mwisho. Dukani akiingia kununua chumvi, mwenye duka akiweka kitu kwenye mizani, kaka alikuwa anainamisha kichwa kidogo, na mwenye duka anaanza kuhangaika kabla hajaambiwa neno.

Jina la Sawasawa alilipata kwa tabia yake moja. Akishamaliza kutengeneza mizani, aliweka jiwe la kilo moja, akaondoa mikono yote miwili, akasubiri mshale utulie. Usipotulia penyewe hasa, alifungua tena tangu mwanzo. Ukitulia, alisema "Sawasawa," na hapo tu ndipo ungepewa mali yako. Wapo waliomjia wakitaka mizani yao isogezwe kidogo, upande wao. Hakuwagombeza. Aliwaambia mizani zake zote siku moja zitaitwa mbele za Mungu kutoa ushahidi, na yeye hataki kufedheheka mbele ya malaika kwa ajili ya unga wa mtu mwingine.

Alikuwa mtu wa kanisa. Aliimba besi kwenye kwaya, na naomba nisiseme uongo mbele ya kaburi bichi, aliiimba vibaya, lakini hakukosa mazoezi. Mimi ni katibu wa baraza la wazee wa kanisa letu kwa mwaka wa kumi na moja sasa, na yeye hata mezani kwake aliniita kwa cheo. "Katibu, nisogezee chumvi." "Katibu, kicheko hicho kimeandikwa kwenye muhtasari?" Nilidhani ni utani mtupu. Sasa najua kwamba ndani ya utani ule mlikuwa na woga.

Nilipofika kibandani, fundi viatu alikuwa amesimama nje amekumbatia kiatu cha mtu. Niliingia peke yangu. Kaka alikuwa ameegemeza kichwa ukutani kama anayesikiliza springi. Mezani palikuwa na bisibisi zake zimepangwa kwa urefu, kikombe cha bati kitupu, na juu ya sahani ya mizani ndogo, konokono wa shaba mwenye ukubwa wa yai la kuku. Alikuwa na pembe mbili nyembamba kama sindano. Niliona ni pambo. Nilimfumba kaka macho, nikashika mkono wake, ulikuwa umeshaanza kupoa, nikasoma sala ambayo sikumbuki ni ipi.

Tabibu wa zahanati alikuja, akasema ni moyo. Wifi yangu, mke wa kaka, naye akafika. Nilitegemea aanguke. Hakuanguka. Alimtazama mumewe, akampapasa shavu, kisha akachukua kile kikombe, akatoka nacho, akakisuuza kwa maji ya ndoo iliyokuwa mlangoni.

Pale mezani, mbele ya macho yangu, konokono akarudisha pembe zake ndani.

Nilikuwa sijapiga kelele kwa ajili ya kaka. Nilipiga kwa ajili ya konokono. Wifi akaingia mbio na kikombe mkononi, kinachuruzika.

"Wifi, hujaona kitu," akasema.

"Nimeona."

"Basi kaa chini."

Nilikaa kwenye ndoo nyingine iliyopinduliwa, miguuni pa marehemu, nikaelezwa. Miaka kumi na tisa iliyopita duka moja la zamani lilifungwa, na kaka akaletewa boksi la mawe ya mizani yaliyolika. Chini kabisa alikuwemo konokono. Kaka alimpima, akakuta ana gramu mia moja na kumi na saba, uzito ambao haumsaidii mtu yeyote duniani. Alimweka kando akanywa chai. Alipomaliza tone la mwisho, konokono akatoa pembe. Aliposuuza kikombe, zikarudi.

Hivyo tu. Hiyo ndiyo kazi yake yote. Ukimaliza chai, konokono anakujulisha kwamba umemaliza chai.

Nilimuuliza wifi mara tatu kama hakuna kingine, labda anaponya, labda anaonya, labda analinda mlango. Alinijibu kwa uchovu kwamba kama angekuwa anafanya kimoja kati ya hivyo, wangekuwa wanajua. Kisha akavuta droo, akanipa daftari la kaka. Humo, kwa mwandiko wake wa darasa la saba, niliona majaribio. Kahawa: hapana. Maji ya moto: hapana. Uji: hapana, hata ukiwa mwepesi. Chai ya jana: ndiyo, lakini anachelewa. Chai ya mgeni: ndiyo. Chai iliyomwagika: hapana, lazima inywewe. Chai ya chumba cha pili: hapana, hasikii. Kusuuza, hata nje: ndiyo, anasikia. Kwenye ukurasa mmoja aliandika kwamba amemwombea konokono, akamwomba Mungu amwonyeshe matumizi yake, na chini yake, wiki mbili baadaye: "Bado hajanionyesha. Labda hayapo."

Na kwenye ukurasa wa ndani wa jalada, kwa wino mwingine: "Katibu asijue. Nampenda, lakini ataandika."

Sijawahi kupigwa na mtu mzima maishani mwangu. Nadhani kupigwa kunafanana na vile.

Hata fundi viatu alidokezewa. Alimwambia mkewe. Mimi ambaye nililala naye kitanda kimoja utotoni, ambaye nilisoma kwa jasho lake, alinificha miaka kumi na tisa. Ya miaka ya mwanzo siyajui, lakini sababu ya hii ya mwisho niliijua, na ilinibidi niimeze papo hapo, mbele ya mwili wake.

Miaka miwili kabla, alifariki mama mmoja muuza mkaa, muumini wetu. Waliokwenda kumwosha walikuta jiwe limefungwa kwenye kitambaa chekundu karibu na mlango wa chumba chake. Maneno yakazunguka, yakafika barazani kwamba ni hirizi. Wazee wakaamua asiingizwe kanisani wala mchungaji asiende kaburini. Mchungaji wa wakati huo alikubali. Muhtasari niliuandika mimi. Kaka aliniuliza siku ile, kwa sauti ya chini, kama tuna hakika. Nilimjibu kwamba mambo ya baraza si mambo ya mezani. Hakuniuliza tena.

Sasa mambo yale yale yalikuwa yanatujia sisi. Fundi viatu si mbaya, lakini alikuwa ameogopa, na mtu aliyeogopa husimulia. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unasema kwamba kaka yangu alikuwa na konokono aliyemfyonza roho, na kwamba pembe zilitoka kwa sababu ameshiba. Kesho yake asubuhi mzee wa kanisa tunayemwita Mzee Kanuni alikuja msibani, akatupa pole, akasali nasi vizuri, kisha akaniita pembeni ya ukuta. Akaniambia kwamba baraza litakaa saa tisa, na kwamba mimi mwenyewe najua tulichomfanyia mama wa mkaa. Hakusema kwa kunikomoa. Alisema kama mtu anayesoma bango.

Wifi alisikia. Aliniambia neno moja tu, ambalo ndilo lililonisimamisha: mumewe alishasema anataka aondokee kanisani, pale pale aliposimama na besi yake mbaya, na kama hataingizwa, yeye hatakanyaga tena mlango ule.

Saa tisa tulikuwa ofisini kwa mchungaji: mchungaji, wazee watatu, wifi na mimi. Mchungaji wetu ni mgeni, ana mwaka mmoja hapa. Aliniuliza kama nataka kupumzika mtu mwingine aandike. Nilisema nitaandika. Nilikuwa nimekuja na konokono kwenye leso, daftari la kaka, chupa ya chai na vikombe sita. Nilimweka konokono katikati ya meza, nikamimina chai, nikawaambia wazee wangu kwamba hakuna njia nyingine ya kulimaliza jambo hili ila wanywe.

Wakanywa. Na hapo nikaona jambo ambalo siku nyingine ningelicheka mpaka nikajikojolea, Mungu anisamehe. Kila mmoja alikunywa mpaka chini, akaacha tone. Mzee wa kwanza aliinua kikombe, akachungulia, akakirudisha. Wa pili akasema chai ni tamu, angependa kuisikilizia kidogo. Mzee Kanuni akafunika chake kwa kiganja. Wanaume watatu wenye wajukuu, wameshikilia vikombe vyenye tone moja moja la chai iliyopoa, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Nikasikia saa ya ukutani ikijikwaa.

Mchungaji aliwatazama mmoja mmoja, akainua kikombe chake, akamaliza.

Pembe zikatoka.

Viti vitatu vilirudi nyuma kwa pamoja. Hata wifi, aliyeishi na kile kitu miaka yote, alishika kifua. Mchungaji hakusogea. Macho yake yalikuwa kwenye zile pembe.

"Na sasa?" akauliza.

"Sasa ndiyo basi," wifi akasema.

"Hakuna kingine?"

"Ukisuuza kikombe, anarudisha."

Mchungaji akainuka mwenyewe, akatoka mpaka bombani nje. Sote tulibaki tumemkodolea macho konokono. Tukasikia maji, na pembe zikaingia taratibu. Aliporudi, Mzee Kanuni alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake ameshika egemeo.

"Kwa hiyo," mchungaji akasema, "anamjulisha mtu kwamba chai imekwisha."

"Ndiyo, Mchungaji."

"Chai ambayo mtu mwenyewe ameimaliza."

"Ndiyo."

Mzee Kanuni akasema Shetani huanza na dogo. Mchungaji akafungua daftari la kaka, akasoma ukurasa, akasoma mwingine. "Miaka kumi na tisa, Mzee," akasema. "Kama ni Shetani, mbona hajafika hata kwenye sukari?"

Mzee wa pili akacheka kwa pua, akajizuia. Nikadhani yameisha. Niliinua kalamu niandike kwamba baraza limeridhika. Ndipo Mzee Kanuni akasema lile ambalo sikulitegemea kutoka kwake.

"Sina shaka na Sawasawa. Nimekaa naye benchi moja. Lakini kanuni ni moja. Huyu tumemwekea chai, tumesoma daftari lake, tumemsikiliza mke wake. Yule mama wa mkaa, nani alimuuliza mtu jiwe lake linafanya nini? Tukimwingiza huyu kwa sababu ni kaka wa Katibu, basi tusiitane tena kanisa."

Nilitazama meza. Nilielewa kwamba nikinyamaza, mchungaji atamwingiza kaka, na watu watasahau, na mimi nitakuwa nimempatia kaka yangu mlango niliomfungia mwingine. Na nikisema, huenda wote wawili wabaki nje. Nilimtazama wifi. Alikuwa ananitazama, anajua ninachowaza, na midomo yake inasema usiseme.

Niliweka kalamu chini.

"Mzee anasema kweli," nikasema. "Muhtasari ule upo kabatini, nyuma yenu. Niliandika kwamba imethibitika marehemu alikuwa na hirizi. Hakuna aliyethibitisha chochote. Niliandika 'imethibitika' kwa kuwa ndivyo mihtasari inavyoandikwa. Kaka yangu aliniuliza kama tuna hakika, nikamnyamazisha, ndiyo maana akanificha hiki kitu mpaka anakufa. Kama mnamzuia, mzuieni. Lakini yule mama tulimkosea, na mkono ulioandika ni huu."

Wifi alianza kulia, kwa mara ya kwanza tangu jana yake. Mchungaji alisimama, akafungua kabati, akalitafuta faili, akausoma ule ukurasa kwa macho bila kutoa sauti. Uso wake ulisawijika kama wa mtu aliyepokea habari ya msiba wake mwenyewe. Aliniuliza kama ni ukurasa mmoja tu. Nikasema ni mmoja tu. Akasema, "Mtu amefukuzwa kanisani kwa mistari sita."

Akaamua. Kaka yangu ataingia kanisani Jumamosi. Jumapili jina la mama wa mkaa litasomwa mbele ya watu wote, baraza litaomba radhi, na baada ya ibada yeye mwenyewe atakwenda kaburini kwake kufanya ile sala iliyobaki. Lakini kabla ya yote, mimi niende kwa binti yake, leo, nikamwambie kwa mdomo wangu. Mzee Kanuni akasema atanisindikiza. Alikimaliza kikombe chake akiwa amesimama, pembe zikatoka, na safari hii hakuna aliyeshughulika nazo.

Binti alitupokea kwenye mlango wa chumba kile kile cha mama yake, hakutukaribisha ndani. Nilisema niliyotumwa. Alisikiliza mpaka mwisho, amekunja mikono. Nikamuuliza, kwa kuwa sikuweza kuondoka bila kujua, lile jiwe lilikuwa la nini.

"La kuzuia mlango," akasema. "Huu mlango unagongwa na upepo. Mama alilifunga kitambaa lisichubue sakafu."

Akasogea pembeni tuone. Lilikuwa bado pale pale, bado linazuia mlango. Kitambaa kilikuwa kimefifia. Mzee Kanuni alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili mpaka tulipofika barabarani.

Konokono anabaki kwa wifi. Amemweka kabatini pamoja na vijiko. Mimi sijui alitoka wapi, wala nani alimtengeneza, na nimeacha kuuliza. Nimeomba juu yake na sikupewa jibu, kama kaka naye hakupewa. Ninachojua ni kwamba yaliyonishtua wiki ile hayakutoka kwake.

Jumamosi tulimwingiza kanisani saa sita. Walibeba jeneza wenye maduka wanne na fundi viatu, ambaye alilia kuliko sisi, na Mzee Kanuni upande wa kichwani. Kwaya iliimba nyimbo mbili na nafasi ya besi iliachwa bila mtu. Nilisoma maisha ya kaka, karibu haya haya niliyoandika hapa, na konokono sikumruka. Watu wengine waliguna. Wengine walicheka, wakafuta macho.

Tulikwenda makaburini kwa miguu, ni karibu. Kaburi lilikuwa kando ya la mama yetu. Udongo ulikuwa mkavu juu na wenye unyevu chini. Walimshusha kwa kamba mbili, taratibu, mmoja akitoa maelekezo kwa mkono. Mchungaji alisoma, akasali. Wifi alitupa udongo, nikafuata mimi, wakafuata wengine. Wanaume wakachukua majembe wakafukia kwa zamu, ilichukua kama nusu saa. Tukapanda msalaba wa mbao wenye jina lake na miaka yake. Mchungaji akatoa baraka, tukaitikia amina, na watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mimi na wifi tulisimama mpaka wa mwisho alipoondoka, kisha nasi tukaondoka.